MOYO UNAPOUGUA, VIUNGO VINGINE HULIA

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 1931 mwanafunzi mmoja wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard, huko Marekani, alikuwa akivua koti lake. Mkono wa kushoto ulipotoka katika koti, aliona juu ya ngozi, karibu na kiganja, vidoa vidogo vyekundu vipatavyo kumi na tano au ishirini, kila kimoja kama ncha ya kalamu. Mtu mwingine angedhani ameumwa na wadudu, akavaa shati lake na kwenda zake. Yeye alijua. Tangu utotoni vali moja ya moyo wake ilikuwa imeharibiwa na homa ya baridi yabisi, na vitabu alivyovisoma vilikuwa vimekwisha mweleza maana ya vidoa vile katika mwili wa mtu mwenye moyo kama wake.

Kijana yule hakukata kalamu. Aliandika jinsi ugonjwa ulivyomwandama, akijitazama mwenyewe kwa jicho la daktari, na maandishi yake yakaja kuchapishwa mwaka 1942. Mwenyewe hakuyaona yakichapishwa. Alifariki mwaka ule ule wa 1931.

Msiba wa kijana huyu ni kwamba alikuwa na elimu yote ya kuutambua ugonjwa wake, lakini dunia haikuwa na dawa. Leo dawa ipo. Hata hivyo watu wangali wanakufa kwa ugonjwa huo huo, na mara nyingi si kwa kukosa dawa, bali kwa kuchelewa kutambuliwa. Ndiyo maana ukurasa huu wa familia unauleta mbele yenu leo.

MILANGO MINNE

Moyo ni pampu ya nyama yenye ukubwa unaokaribia ngumi ya mwenyewe. Hupiga kiasi cha mara 100,000 kwa siku moja, na mtu akiwa amepumzika husukuma karibu lita 5 za damu kila dakika. Ndani yake mna vyumba vinne na milango minne iitwayo vali. Kazi ya kila vali ni kufunguka ili damu ipite, kisha kujifunga upesi ili damu ile isirudi ilikotoka.

Vali yenye afya ni laini, na vijidudu havipati pa kushika. Lakini vali iliyoharibika huwa na makovu na mikwaruzo. Huenda mtu alizaliwa nayo hivyo. Huenda iliharibiwa na homa ya baridi yabisi alipokuwa mtoto. Au huenda ni vali ya bandia aliyowekewa na wapasuaji. Juu ya mikwaruzo hiyo damu huganda kidogo kidogo, na pale panakuwa kama shamba lililokwisha limwa, linalongojea mbegu.

Mbegu hutoka wapi? Nyingi hutoka kinywani. Mtu mwenye meno yaliyooza au ufizi unaotoka damu huingiza vijidudu katika mkondo wa damu hata anapopiga mswaki au kutafuna chakula. Wengine hutoka katika ngozi, kwa njia ya jipu, kidonda, sindano chafu, au mpira wa dripu uliokaa mwilini siku nyingi. Wengine hutoka matumboni. Kwa watu walio wengi askari wa mwili huviua vijidudu hivyo kabla havijafanya lolote. Lakini vikiikuta vali yenye makovu, hujibanza hapo, huzaana, na kujenga donge laini ambalo kinga ya mwili haiwezi kulipenya kwa urahisi.

Ugonjwa huo wataalamu huuita endokaditisi. Baadhi ya vijidudu vyake hufanya kazi polepole kwa majuma na hata miezi. Vingine, hasa vile vya ngozi viitwavyo stafilokoki, ni vikali mno. Huweza kuivamia hata vali iliyokuwa nzima na kuibomoa kwa muda wa siku chache.

NYUMBA INAPOBOMOKA

Madhara ya kwanza huupata moyo wenyewe. Vijidudu hula vali kama mchwa wanavyokula fremu ya mlango. Vali hutoboka, au nyuzi zinazoishikilia hukatika, na damu iliyosukumwa mbele hurudi nyuma. Moyo hulazimika kufanya kazi maradufu. Ukishindwa, maji hujaa katika mapafu. Mgonjwa hawezi kulala chali, huamka usiku akitafuta pumzi, na miguu yake huvimba. Huku kushindwa kwa moyo ndiko sababu kubwa kuliko zote inayowaua wagonjwa wa endokaditisi, na ndiko huwafanya madaktari kukimbilia upasuaji bila kungoja.

Wakati mwingine vijidudu havitosheki na vali. Hupenya katika nyama ya moyo iliyo kando yake na kufanya jipu. Mahali hapo ndipo zinapopita nyaya za asili zinazouamrisha moyo kupiga. Jipu likizifikia nyaya hizo, mapigo huenda polepole kupita kiasi, na mgonjwa anaweza kuzirai au kufa ghafla.

VIPANDE VINAVYOSAFIRI

Hata hivyo jambo linaloufanya ugonjwa huu uogopwe na kuchanganya watu ni safari ya vipande vyake. Lile donge lililo juu ya vali ni laini, nayo vali hupigapiga usiku na mchana. Basi vipande hukatika na kuchukuliwa na damu. Kila kipande husafiri mpaka kifike katika mshipa mwembamba kuliko chenyewe, nacho hukwama hapo na kuziba njia. Kiungo kilicho mbele hukosa damu. Isitoshe, kipande hicho kimebeba vijidudu hai, kwa hiyo mahali kinapokwama panaweza kugeuka jipu.

Kipande kikienda kwenye ubongo, mtu hupatwa na kiharusi. Kijana ambaye hana shinikizo la damu wala kisukari huamka asubuhi mdomo umepinda na mkono mmoja haunyanyuki. Wengine hupatwa na jipu la ubongo au homa ya uti wa mgongo. Hatari nyingine ni kwamba vijidudu huweza kuudhoofisha ukuta wa mshipa wa kichwani mpaka uvimbe kama puto, na siku moja upasuke.

Kikienda kwenye wengu, ambayo wengine huiita bandama, mgonjwa husikia maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, na pengine maumivu hayo hupanda hadi begani. Wengu huweza kutunga usaha, na homa ikaendelea hata baada ya dawa kuanza.

Figo huumia kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuzibwa kwa mishipa yake, hali iletayo maumivu ya kiuno na damu katika mkojo. Ya pili ni ya kificho zaidi. Kwa kuwa vita kati ya kinga ya mwili na vijidudu huchukua majuma mengi, mabaki ya vita hivyo hunasa katika vichujio vya figo na kuviwasha. Mkojo hupungua, hubadilika rangi, uso na miguu huvimba. Mgonjwa hupelekwa kwa daktari wa figo, kumbe adui yuko kifuani.

Vipande vingine huenda utumboni vikaleta maumivu makali ya tumbo. Vingine huenda mguuni, mguu ukawa wa baridi na wenye ganzi. Vingine huenda jichoni, mtu akapoteza uwezo wa kuona kwa ghafla. Vijidudu vyenyewe vyaweza pia kutulia katika pingili za mgongo na kuleta maumivu yasiyosikia dawa ya kuchua.

Endapo vali iliyoshikwa ni ya upande wa kulia wa moyo, vipande huenda mapafuni. Mgonjwa hukohoa, huchomwa na kifua na pengine hutema damu, hata akadhaniwa ana kifua kikuu. Aina hii huwapata sana watu wanaojidunga dawa za kulevya kwa sindano, na pia wagonjwa waliowekewa mipira katika mishipa mikubwa kwa muda mrefu, kama wale wanaosafishwa damu kwa sababu ya figo.

Vidoa vile alivyoviona mwanafunzi wa Harvard navyo ni alama ya safari hiyo hiyo ya damu yenye vijidudu. Katika ngozi nyeusi si rahisi kuviona. Inafaa kutazama ndani ya kope za macho, katika viganja na nyayo, na chini ya kucha, ambamo huonekana michirizi myembamba kama vibanzi vya mti.

HOMA YENYE SURA NYINGI

Mwaka 1885 daktari mashuhuri wa Kanada, William Osler, alitoa mihadhara mjini London juu ya ugonjwa huu. Alionya kwamba ni miongoni mwa maradhi yaliyo magumu sana kutambulika, kwa kuwa huweza kujifanya homa ya matumbo, au homa ya vipindi inayokuja na kuondoka kama malaria. Onyo hilo linatuhusu sisi kuliko wengi, maana tunaishi mahali ambapo malaria ni mgeni wa kila nyumba.

Tuchukue mfano wa kubuni wa fundi mmoja mwenye umri wa miaka 30 katika mojawapo ya miji yetu. Anapatwa na homa za jioni na jasho la usiku. Ananunua dawa mseto ya malaria dukani. Homa inapungua siku mbili, kisha inarudi. Anaambiwa ni homa ya matumbo, anapewa vidonge vya kuua vijidudu vya siku tano, anameza vya siku tatu kwa kuwa amepata nafuu. Juma la tatu homa imerejea, amekonda, hana hamu ya kula. Mkewe anasema amefanya kazi kupita kiasi. Shangazi anasema kuna mkono wa mtu. Juma la sita anaanguka akiwa kazini, upande mmoja wa mwili umepooza, naye anapelekwa hospitali kama mgonjwa wa kiharusi.

Katika muda wote huo hakuna aliyeweka sikio juu ya kifua chake. Wala hakuna aliyemuuliza swali dogo: je, utotoni uliwahi kuambiwa una tatizo la moyo, au kuvimba viungo kwa zamu, leo goti kesho kiwiko?

Ndugu yetu huyu hakufanya uzembe wa ajabu. Alifanya yale tunayoyafanya sote. Lakini ile dawa ya siku tatu ilimdhuru kwa namna mbili: haikutosha kuviua vijidudu vilivyo ndani ya donge, na ilividuwaza kiasi kwamba vipimo vya baadaye vikashindwa kuviona.

DAMU KWANZA, DAWA BAADAYE

Kipimo kikuu cha ugonjwa huu ni kuotesha damu. Mgonjwa hutolewa damu kwa usafi mkubwa, kwa kawaida mara tatu kutoka sehemu mbalimbali za mwili, na damu hiyo huwekwa katika chupa zenye chakula cha vijidudu ili waliomo waote na kujulikana kwa jina.

Njia hii si mpya. Gustav Mahler, mtunzi na kiongozi wa muziki wa okestra kutoka Austria, aliongoza onyesho lake la mwisho mjini New York tarehe 21 Februari 1911 akiwa na homa. Miaka minne kabla ya hapo madaktari walikuwa wamegundua kwamba vali yake ya moyo ni mbovu. Daktari Emanuel Libman aliagiza damu ya Mahler ichukuliwe na kuoteshwa. Siku chache baadaye vijidudu vya jamii ya streptokoki viliota katika vyombo, na jibu likawa wazi. Lakini jibu halikuwa na dawa. Mahler alisafirishwa hadi Paris, kisha Vienna, na huko alifariki tarehe 18 Mei 1911 akiwa na umri wa miaka 50.

Kipimo kile ndicho bado msingi wa kazi leo. Tofauti ni kwamba sasa kimeongezewa kipimo cha eko, ambacho kwa mawimbi ya sauti huonyesha vali zikipiga na donge likining'inia juu yake. Donge lenye urefu wa zaidi ya milimita 10 huwatia madaktari wasiwasi zaidi, kwa kuwa ndilo linaloelekea kumeguka.

Basi kanuni ya kukumbukwa ni hii: mwenye maradhi ya vali akipata homa isiyo na sababu iliyo wazi, damu ichukuliwe kabla ya kumeza dawa yoyote ya kuua vijidudu. Kwa mgonjwa aliye mahututi kazi hiyo ni ya dakika chache, kisha dawa huanza mara moja bila kungoja majibu.

DAWA IPO, LAKINI YATAKA SUBIRA

Penisilini ndiyo iliyogeuza hukumu ya kifo kuwa ugonjwa unaotibika. Mwaka 1944, miaka 13 tu baada ya kifo cha yule mwanafunzi, Daktari Leo Loewe na wenzake wa Brooklyn, New York, walitoa taarifa ya wagonjwa 7 mfululizo waliotibiwa kwa mafanikio kwa penisilini pamoja na dawa ya kuzuia damu kuganda.

Siku hizi dawa huchaguliwa kwa kufuata kijidudu kilichoota, na kwa kawaida hupitishwa katika mshipa kwa muda wa wiki 4 hadi 6. Muda huo ni mrefu kwa mtu mwenye familia inayomtegemea, na wengi hutamani kurudi nyumbani homa inapokoma katika juma la kwanza. Huko ni kujidanganya. Vijidudu vilivyolala ndani ya donge huhitaji majuma yote hayo ili kumalizwa. Jambo la kutia moyo ni kwamba hatari ya vipande kumeguka hushuka sana mara dawa sahihi inapoanza, hasa baada ya majuma mawili ya kwanza. Kila siku ya kuwahi hospitali, kwa hiyo, ni siku ya kuuokoa ubongo na figo.

Vali ikiwa imebomoka, au jipu limeingia katika moyo, dawa peke yake haitoshi. Wapasuaji hulazimika kuitengeneza vali au kuweka ya bandia. Upasuaji wa vali hufanyika Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, na Kampala katika Taasisi ya Moyo ya Uganda. Pamoja na ujuzi wote huo ugonjwa ungali mzito: hata katika hospitali zenye vifaa kamili duniani, karibu mgonjwa mmoja katika kila watano hufariki kabla ya kutoka wodini.

KINGA HUANZIA KOONI NA KINYWANI

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa familia zetu ufa wa kwanza ni koo la mtoto. Mafindofindo yanayoletwa na streptokoki, yasipotibiwa, huweza baada ya majuma mawili au matatu kuleta homa ya baridi yabisi. Kinga ya mwili huchanganyikiwa na kuzishambulia vali za moyo kana kwamba nazo ni adui. Watoto wa umri wa miaka 5 hadi 15 ndio huathirika zaidi. Mtoto mwenye koo linalouma na homa apelekwe zahanati, na akipewa penisilini aimalize.

Aliyekwisha patwa na homa hiyo huhitaji sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4 kwa miaka mingi. Wazazi wengi huchoka, au mtoto hulia, sindano zikaachwa. Ni vema wajue matokeo ya utafiti uliofanywa Gulu, kaskazini ya Uganda, yaliyotangazwa mwaka 2021. Watoto na vijana 818 wa miaka 5 hadi 17, ambao vali zao zilionyesha dalili za awali bila wenyewe kuhisi lolote, waligawanywa katika makundi mawili. Baada ya miaka 2, katika kundi lililopewa sindano kila baada ya wiki 4, ugonjwa ulikuwa umeendelea kwa chini ya mtoto mmoja katika kila mia. Katika kundi lisilopewa, uliendelea kwa watoto wanane katika kila mia.

Ufa wa pili ni kinywa. Mwenye maradhi ya vali apige mswaki kila siku asubuhi na usiku, na amwone daktari wa meno kabla jino halijaoza, si siku ya kung'oa tu. Akienda huko, amwambie daktari habari za moyo wake. Wenye vali za bandia, waliokwisha ugua endokaditisi, na baadhi ya waliozaliwa na kasoro za moyo hupewa dawa maalumu kabla ya jino kung'olewa. Wengine wenye vali mbovu wamwulize daktari wao wa moyo.

Ufa wa tatu ni ngozi. Majipu yatibiwe mapema, na sindano zisichomwe mahali pasipo na usafi.

Mwisho, kila nyumba yenye mtu aliyewahi kuambiwa ana tatizo la vali na iandike jambo hilo katika daftari lake la kliniki, na wote waishio naye walijue. Homa ikizidi juma moja, au ikirudi baada ya dawa, daftari hilo liwekwe mezani mbele ya mganga na lisemwe wazi: huyu ana ugonjwa wa vali, tafadhali msikilize moyo. Kijana wa Harvard alijua yote hayo peke yake, katika dunia isiyokuwa na dawa. Sisi tunayo dawa. Tusimwache mgonjwa wetu azunguke madukani majuma sita kabla ya mtu kuuliza habari za moyo wake.